Sauti Iliyofungwa kwa Namba

Mwalimu wa kwaya hakukubali mtu aimbe kabla hajamwona akivuta pumzi. Ulikuwa ukifika mazoezini unamwamkia, shikamoo Mwalimu, naye anaitikia marahaba huku macho yake yako kifuani mwako, anaangalia kama hewa inashuka mpaka tumboni au inaishia mabegani. Ya mabegani hakuitaka. "Unapumua kama mtu aliyeibiwa," alikuwa anasema, na anakurudisha mlangoni uingie upya. Watu wazima wenye watoto, wengine wenye wajukuu, tulirudi mlangoni tukaingia upya, na hakuna aliyenuna.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake, kwa sababu sisi wanakwaya wa Kilimatinde hatukumjua kwa hayo. Tulimkuta ameshakuwa mtu wa makamo, shati jeupe, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni hata jua la Oktoba likiwa kali. Nilimjua miaka mingi, kwanza nikiwa mwimbaji wake, baadaye nikiwa nimehamia Singida mjini kufanya kazi ya keshia kwenye duka kubwa, narudi nyumbani sikukuu tu. Hakutuita kwa majina. Alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili kanisani, sokoni, na hata siku tulipomzika mama yangu, aliponishika mkono akasema, "Pole sana, Sauti ya Pili," na sikuona ajabu.

Alikuwa mkali wa muda, lakini yeye mwenyewe alichelewa kila mara kwa kuwa hakuweza kupita nyumba yenye mgonjwa bila kuingia. Alichukia kelele, alisema mwimbaji anayepiga kelele anaogopa kitu, lakini akikasirika sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Alitukataza kuleta simu mazoezini, na ya kwake, ile ndogo ya vitufe, iliita mfukoni mwake karibu kila Alhamisi. Aliipokea akatoka nje, akarudi akatukaripia kwamba tumepoteza sauti ya kuanzia. Tulimpenda kwa haya yote. Labda mtu hupendwa zaidi kwa yale anayoyakataza halafu anayafanya.

Opera aliijulia kwenye kabati. Wazungu wa misheni walipoondoka waliacha kabati la santuri na kaseti, na baadaye mgeni mmoja akaongeza CD chache. Kijana wa wakati ule, ambaye ndiye Mwalimu, alipewa kazi ya kufuta vumbi. Alitusimulia kwamba aliweka santuri moja kwenye mashine akasikia watu wakiimba hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayesema, hata anayebisha hodi anabisha kwa kuimba. Hakuelewa neno hata moja, na alilia.

"Nilijichukia," alisema. "Nalizwa na mwanamke ambaye sijui ananiambia nini. Nikajiuliza, je, angekuwa ananiambia kitu ninachokijua?"

Pamoja na nyimbo, alizisoma sana karatasi za ndani ya majalada. Humo kila mtu aliandikwa: aliyetunga, aliyeongoza, aliyeimba nafasi ya mama, aliyeimba nafasi ya mlinzi anayetoka mara moja tu. Mpiga filimbi pia aliandikwa. Na nyuma ya zile CD kulikuwa na mistari myeusi, mingine minene mingine myembamba, na tarakimu chini yake. Hakujua ni ya nini. Aliamini ni muhuri, kwamba mtu mwenye mamlaka amepitia majina yale yote na kukubali kwamba ni ya kweli.

Ilimchukua sehemu kubwa ya maisha yake kutunga ya kwake. Aliiita Safari ya Uwele. Ni habari ya mwanamke wa Kigogo ambaye wakati wa njaa anamwacha mtoto wake kwa bibi anakwenda kwa ndugu wa mume, mbali, kuomba uwele. Anatukanwa, anafanyishwa kazi, anapewa kidogo, anarudi. Akifika kizingitini anaona nyumba imejaa watu wamekaa chini, anaelewa, na anaanza kuimba akiwa bado amebeba uwele kichwani. Hapo ndipo opera inapoishia. Watu wa kijijini waliiita opela. Padri wetu aliisikiliza mazoezini, akakuna kidevu.

"Mwalimu, kazi nzuri. Mbona haina Haleluya?"

"Padri," Mwalimu akasema, "hawa watu hawajala."

Hakuwa na kinanda kizima, cha kanisa kilikuwa na vitufe vilivyokufa. Lakini alikuwa na mzee wa zeze kutoka Kintinku, mfugaji, Mwislamu, ambaye alikuja kwa bodaboda na zeze lake limefungwa kwenye kitenge. Aliingia kanisani kwa adabu kuliko sisi wenye kanisa. "Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, nasi tukaitikia. Saa yake ya swala ilipofika Mwalimu alisimamisha mazoezi bila kuambiwa, tukapumzika mpaka mzee arudi. Kuna mtu alinung'unika kwamba tunapoteza muda. Mwalimu akamwambia aende naye nje akapoteze wake.

Sauti ya mama wa uwele ilikuwa ya mke wake.

Huyu tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, muuza nyanya, na ukimsikia sokoni usingedhani ana sauti ile. Ilitoka kama haitafuti ruhusa. Mbele yetu Mwalimu hakumsifu hata mara moja. Sisi wengine tuliweza kuambulia "angalau," lakini yeye alirudishwa mlangoni zaidi ya wote. Wageni walimwonea huruma. Sisi tulijua kwamba nyumbani yeye alikaa kwenye kigoda na Mwalimu ndiye aliyesonga ugali, kwa sababu moshi, alisema, haufai kwa koo lile.

Mara moja tu niliwaona wakigombana kweli. Walikuwa wanafanya ule wimbo wa kizingitini, na Mama akanyamaza katikati.

"Endelea," Mwalimu akasema.

"Siendelei. Hapa umemwandikia mtu asiyepumua."

"Ndivyo ilivyo. Amefiwa, hapumui."

"Mume wangu, wewe hujafiwa na mtoto. Mimi nimefiwa. Mtu anapumua. Hicho ndicho kinachomuuma, kwamba anaendelea kupumua."

Hatukuwa tumejua kwamba Mama aliwahi kuwa na mtoto. Mwalimu alifuta ubao kwa kiganja, akaandika upya noti za pale, na akamwachia nafasi ndefu ya kimya, sisi wote tumenyamaza, zeze limenyamaza, Mama peke yake anapanda na kushuka. Aliporudia kuimba, mzee wa zeze alishusha chombo chake akakilaza mapajani, na hakukishika tena siku ile.

Tuliirekodi kiangazi, kwenye kanisa la zamani lenye kuta nene. Fundi wa studio alitoka mjini na kompyuta, maikrofoni na blanketi za kuziba madirisha. Tulipambana na upepo. Kilimatinde iko juu, na upepo wa kule ukianza kupiga mabati hauishi mpaka uamue wenyewe, kwa hiyo tuliimba alfajiri ukiwa umelala, kukishakucha vizuri tunaacha. Fundi alikuwa kijana mpole. Alizoea kwaya zinazotaka wimbo wa dakika chache wenye ngoma. Alipoambiwa nyimbo hizi haziachani, moja inaingia ndani ya nyingine, akasema atalazimika kuzikata ili ziingie kwenye mashine. Mwalimu akamwomba azikate mahali ambapo watu wanapumua.

CD zilipotoka, Mwalimu alizigeuza nyuma kwanza. Alikuwa amemsisitizia fundi kwamba lazima kuwe na bakodi, na ilikuwepo, mistari myeusi kama ile ya kabatini.

Jumamosi moja nikiwa kwenye mashine ya malipo, duka limejaa, nikamwona kwenye foleni yangu na koti lake la Pasaka. Alipofika akaweka CD juu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Sauti ya Pili. Isome hii."

"Mwalimu, hii si ya dukani kwetu. Mashine haitaijua."

"Wewe ipitishe. Nataka kusikia inavyolia."

Nikaipitisha. Ikalia. Mashine yetu ina kioo kingine kidogo kinachomwelekea mteja, kwa hiyo sikuweza kumficha. Kiliandika: Sabuni ya unga, nusu kilo. Mama aliyekuwa nyuma yake akasoma kwa sauti, watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Rudia," Mwalimu akasema.

Nikarudia, ikawa sabuni ile ile. Akaichukua CD akaifuta na mkono wa koti kana kwamba ni vumbi, akanirudishia, nikapitisha tena kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Kisha akaiweka mfukoni, akasema asante, akaenda kusimama nje.

Nilipopata nafasi nilimfuata nikakaa naye kwenye ngazi za duka. Nikamweleza ninavyojua. Kwamba mistari ile ni tarakimu tu, imechorwa hivyo ili mashine isome haraka. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha namba ilisajiliwa nchi gani, za kwetu huanza na 620, na hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi bali imeandikishwa wapi. Zinafuata za mwenye bidhaa, kisha za bidhaa yenyewe. Ile ya mwisho ni ya kuhakiki. Mashine inafanya hesabu kwa zile za mbele, na jibu lisipolingana na ya mwisho inakataa. Likilingana inaridhika, inakwenda kutafuta jina kwenye kompyuta ya duka.

"Fundi alichukua mistari kwenye pakiti ya sabuni akaibandika," nikasema.

"Kwa hiyo hesabu ni sahihi."

"Sahihi, Mwalimu."

"Jina tu ndilo si letu."

"Ndiyo."

Akatazama watu wanaotoka na mifuko. "Mimi nilidhani kuna mtu," akasema.

Fundi alipopigiwa simu hakubisha. Alisema alidhani ni pambo, nani angepitisha CD ya kwaya kwenye mashine. Lakini aliona aibu, na ili kurekebisha akaahidi kuiweka opera mtandaoni kupitia msambazaji wa nje ambaye hutoa bakodi halisi kwa albamu nzima, na juu ya hapo kila kipande kinapata namba yake ya peke yake. Namba hiyo wenye studio huiita ISRC. Sisi tuliiita namba ya rekodi. Ina herufi na tarakimu, na jambo lake kubwa ni kwamba ni ya sauti iliyorekodiwa, si ya wimbo. Wimbo ule ule ukiimbwa tena kesho na watu wale wale unapewa namba nyingine. Na rekodi ikishapewa yake haibadilishiwi hata ikiuzwa kwa mtu mwingine, wala haipewi rekodi nyingine hata ile ya kwanza ikipotea duniani.

Hili lilimfurahisha Mwalimu kuliko nilivyowahi kumwona. Aliikariri namba ya wimbo wa kizingitini kama mstari wa Biblia. "Hii ni namba ya Mama," alituambia. "Si ya mtu mwingine. Akija mwimbaji mkubwa kuliko wote akaimba, atapewa ya kwake, hii hapewi."

Mama Mwalimu alikuwa amekaa anachambua mchicha. "Basi waniitie hiyo namba nikichelewa sokoni," akasema.

Ugonjwa wake haukuchukua muda mrefu. Ulianzia kooni, na Mwalimu hakumsamehe Mungu kwa kuchagua hapo. Wiki za mwisho hakuweza kusema, aliomba maji kwa kidole. Tulimzika mvua zikiwa zimechelewa, ardhi ngumu, vijana wakipokezana sululu. Mwalimu hakuongoza kwaya. Tuliimba wenyewe, vibaya, na hakuna aliyeturudisha mlangoni.

Chini ya jina lake msalabani aliandikisha ile namba ya rekodi kwa rangi nyeusi. Padri alisita, kisha akaruhusu. Watu wapita njia walidhani ni namba ya simu ya familia. Kuna mmoja alijaribu kuipiga, akashangaa herufi anazipigaje.

Msibani hapo hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Binti mmoja wa kwaya, Sauti ya Kwanza wa pembeni, alitoa simu yake kubwa ili tumsikie marehemu. Mwalimu hakuwa ameuona ukurasa ule, simu yake haikuweza. Sauti ya Mama ikatoka, tukainamisha vichwa. Kisha Mwalimu akaomba asomewe majina.

Binti akasita. "Msanii wameandika jina la studio ya fundi."

"Na mwimbaji?"

"Hakuna sehemu ya mwimbaji, Mwalimu. Ni msanii tu."

"Mzee wa zeze?"

"Hayupo."

"Mtunzi?"

"Wameandika wimbo wa asili."

Mzee wa zeze alikuwa amekaa mkekani karibu naye. Akamgusa goti. Mwalimu akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa tafsiri, "Kwa hiyo mimi nimeshakuwa asili. Nimekuwa wa kale na bado nakaa hapa."

Fundi hakuwa mwizi. Naandika hili kwa sababu ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa. Ule mfumo wa msambazaji ulimpa visanduku vya kujaza, kimoja cha msanii, kimoja cha mtunzi, haukuwa na nafasi ya mwanamke aliyebeba uwele wala ya mzee wa Kintinku, na yeye alijaza haraka, alfajiri ya siku hiyo ana kwaya nyingine. Aliposikia Kigogo ndani yake alidhani nyimbo ni za wazee wa zamani. Mwalimu alipomfuata mjini alimkuta ameacha studio, anauza makava ya simu. Fundi alimpa kiti, yeye akasimama.

"Mwalimu, nisamehe. Ningerekebisha leo hii. Lakini ile akaunti niliifungua kwa laini iliyopotea na simu iliyoibiwa. Wananiomba namba ya siri wanayoituma kwenye ile laini ya zamani. Hata mimi siwezi kuingia."

"Na kompyuta yenye rekodi?"

"Iliungua, Mwalimu. Umeme ulirudi kwa nguvu."

Mwalimu akarudi, akashukia Manyoni, mji wetu wa wilaya. Kulikuwa na dada mwenye stesheneri, mvumilivu sana, aliyekubali kumwandikia barua pepe kwa msambazaji. Wakajaribu kwanza njia nyepesi, kuipandisha upya albamu kwa majina ya kweli. Mwalimu alikuwa na CD yake moja ambayo ilikuwa bado inasomeka. Mfumo ukaisikiliza, ukaitambua kwa sauti yenyewe, ukaikataa. Dada akamsomea jibu: rekodi hii tayari ina mwenyewe.

"Waambie mwenyewe amekuja," Mwalimu akasema.

"Baba, hakuna mtu wa kumwambia. Ni mashine inajibu."

Angeweza kuishia hapo, na mimi kwa simu nilimshauri asubiri, angalau sauti ipo. Lakini watu wakaanza kuuchukua wimbo wa kizingitini wakauweka chini ya video zao fupi. Sijui nani alianza. Ulipendwa kwa kile kilio cha katikati, pale pasipo na zeze wala kwaya. Mtu amekosa penalti, kinasikika kile kilio. Mtu ameangusha chipsi zake stendi, ni hicho hicho. Vijana wa Manyoni waliuita "ile sauti ya kulia." Mwalimu aliuona kwenye simu ya kinyozi. Kinyozi hakujua, alimwonyesha ili acheke naye.

Aliondoka akiwa amenyolewa upande mmoja.

Wiki ileile alirudi kwa dada wa stesheneri, akamwambia ajaze malalamiko rasmi. Dada alimsomea masharti mara mbili. Watu wawili wakidai rekodi yenye namba moja, rekodi inasimamishwa kila mahali mpaka wote wawili wakubaliane. Mwalimu akauliza itasimama kwa muda gani. Dada akasema hawajataja, ni mpaka wakubaliane. Mwalimu akampigia fundi, fundi akaapa kwamba ataandika siku hiyo hiyo kukubali kila kitu, amwachie Mwalimu jina na haki yote. Na aliandika, niliiona baadaye barua yake, ya heshima na yenye makosa mengi. Aliituma kwa anwani yake mpya. Mfumo haukumtambua. Mwenye akaunti alikuwa yule wa laini iliyopotea, na yule hakujibu, kwa kuwa hakuwepo.

Sauti ya Mama Mwalimu ikazimwa. Ilizimwa kwenye albamu, ikazimwa kwenye zile video, mpiga penalti akabaki anashika kichwa kimya kimya. Nilijaribu kuifungua dukani saa za mapumziko, nikaona jina, nikaona muda wake, nikabonyeza, hakuna kitu. Nikauliza wanakwaya wote niliowajua. Kila mtu alikuwa anaisikilizia mtandaoni. CD zilikuwa zile za kuchoma, za bei ya chini, joto na vumbi vya kwetu vilishazila. Ile ya Mwalimu, iliyosomeka Manyoni, alikuwa ameibeba kwenye koti kwenda na kurudi mara nyingi, ikapasuka kwenye basi.

Dada wa stesheneri aliendelea kuandika. Aliandika hata Mwalimu alipoacha kuja. Jibu lilikuwa lile lile, kwa adabu ile ile, asante kwa uvumilivu wako.

Kuna kitu Mwalimu alijaribu tena. Alitukusanya, tuliobaki, kanisani, turekodi upya kwa simu. Nafasi ya mama wa uwele alimpa yule binti wa msibani, ambaye sauti yake ni nzuri, hilo lazima lisemwe. Mzee wa zeze alikuja ingawa vidole vilishakuwa vigumu. Tulikwenda vizuri mpaka kizingitini. Binti akavuta pumzi, akaanza, na Mwalimu akainua mkono.

"Nimekosea, Mwalimu?" binti akauliza.

"Hapana, mwanangu. Umeimba sawa."

"Basi turudie?"

"Hii itapewa namba nyingine," akasema.

Binti hakuelewa, akatutazama sisi. Mwalimu alitushukuru mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akatumia majina yetu ya ubatizo. Sikujua kwamba analijua la kwangu. Kwaya haikukutana tena baada ya hapo. Kanisani sasa wanafungua muziki kwenye flashi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mavuno yaliyopita. Nilikwenda Kilimatinde kwenye harusi ya binamu, nikatoroka kidogo nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa uani kwenye kigoda, anapukuchua mahindi, kuku wanamzunguka. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kingine. Tukaongea habari za mvua, za alizeti kushuka bei, za mzee wa zeze ambaye alikuwa amefariki mwezi wa Ramadhani. Hakutaja opera, nami sikuitaja.

Nilipotaka kuaga akaniuliza, "Ule wa kizingitini unaukumbuka?"

"Nakumbuka wa kwangu, Mwalimu. Sauti ya pili."

"Wa Mama?"

Nikatafuta kichwani. Nimeusikia wimbo ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, lakini nilikuwa nausikia huku nashikilia sauti yangu nisipotee, ndivyo alivyotufundisha. Nilipata mwanzo wake, kisha ukayeyuka.

"Sina," nikasema. "Wewe je?"

"Niliuandika ubaoni," akasema. "Halafu yeye aliuimba alivyotaka. Nikaacha alivyotaka." Akaendelea na hindi lake. "Imba huo wa kwako."

Nikaona haya, uani, mchana, na nguo za harusi. Lakini nikaimba. Sauti ya pili peke yake si kitu, ni kama mtu anayeitikia mazungumzo ya chumba cha pili. Noti moja ndefu, nyingine chini yake, tena ile ya kwanza. Yeye aliacha kupukuchua akafumba macho. Nikafika pale ambapo sisi wote tunanyamaza na Mama anapanda peke yake. Nikanyamaza. Kuku walikuwa wanadonoa. Jirani alikuwa anatwanga, naye akaacha. Nilihesabu moyoni kama nilivyohesabu miaka ile, nikavuta pumzi, nikaingia.

Mwalimu akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Umewahi," akasema. "Alikuwa bado hajamaliza."

Nikafunga mdomo, tukamngoja.